Wimbo Uliosingiziwa Radi

Kila asubuhi Rhobi alikuwa anaamka mama akimwita mara ya pili. Ile ya kwanza alikuwa anaiacha ipite, maana mama mwenyewe alikuwa anaita huku bado amejifunika shuka. Akishaamka anafagia uwanja, anafungulia mbuzi, anabeba dumu la lita kumi kwenda bombani, halafu anakunywa uji wa mtama akiwa amesimama mlangoni. Hapo Matrida, rafiki yake wa nyumba ya jirani, anakuwa ameshafika na anapiga kelele njiani: "Rhobi! Leo tutachapwa kwa ajili ya uji wako!"

Walikuwa wanasoma darasa la sita huko Mugeta, wilaya ya Bunda. Njia ya shule ilipita katikati ya mashamba ya pamba, na Matrida alikuwa anaongea njia nzima kwa niaba ya wote wawili. Rhobi alikuwa na aibu. Mwalimu akimuuliza swali darasani, jibu anakuwa nalo, lakini linakwama kooni kama mwiba wa samaki. Anaangalia chini mpaka mwalimu anamhurumia na kumuuliza mwingine.

"Wewe Rhobi, sauti yako umeiweka benki?" Mwalimu Thadeo alimtania siku moja. Darasa zima likacheka.

Ila kwenye kwaya ya shule, mtu alikuwa haamini kama ni yuleyule. Rhobi ndiye alikuwa mwanzishaji. Akianzisha wimbo, sauti inatoka nene na safi, inafika mpaka kwa mama ntilie ng'ambo ya barabara. Ngusa, aliyekuwa anapiga ngoma, alikuwa na maneno yake juu ya jambo hilo. "Mwalimu, huyu si Rhobi," alikuwa anasema. "Rhobi kamezwa na huyu, tumtoe."

Mwezi wa tatu walikuwa wanajiandaa kwa mashindano ya kwaya Musoma mjini. Jumatano moja baada ya vipindi walikusanyika mbele ya ofisi kama kawaida. Mwalimu Thadeo akawaambia, "Imbeni mara mbili, halafu mtawanyike. Mimi namalizia mahudhurio humu ndani."

Wakaimba mara mbili. Mara ya pili haikutoka vizuri, sauti ya pili iliingia mapema. Na upande wa mbugani kulikuwa na wingu limesimama, jeusi kama sufuria ya msibani. Matone matatu manne yakaanguka kwenye mchanga. Watoto wakaanza kuokota madaftari yao.

Rhobi, ambaye kwa maneno asingeweza kumfukuza hata kuku, akainua mkono. "Turudie," akasema. "Mara moja tu."

Ngusa akacheka. Akakaa pale alipopenda kukaa siku zote, kwenye kitako cha saruji chini ya mlingoti wa bendera, ngoma katikati ya magoti, mgongo ameegemeza kwenye mlingoti wenyewe, bomba la chuma. "Bosi ameshasema," akatangaza. "Pangeni mstari!"

Hawakumaliza hata ubeti wa kwanza.

Kilikuja kitu cheupe. Rhobi hakujua kama kilitoka juu au chini. Hakusikia mlio, au alisikia na masikio yakakataa kuupokea. Alijikuta amekaa chini, mchanga mdomoni, kichwani kunalia wiii bila kukata. Watoto walikuwa wamelala huku na huku kama nguo zilizopeperushwa kutoka kwenye kamba. Mmoja mmoja wakaanza kuinuka. Ngusa alikuwa amelala ubavu. Mguu mmoja ulikuwa na kandambili, mwingine hauna.

Rhobi akasubiri Ngusa aamke awacheke. Ngusa alikuwaga na mchezo huo wa kujifanya amekufa, halafu anashika mtu mguu. Akasubiri. Mvua ikaanza kumwagika, ikampiga Ngusa usoni, na Ngusa hakufumba macho.

Mwalimu Thadeo alitoka mbio bila viatu. Alimbeba Ngusa mikononi mpaka kwenye pikipiki iliyokuwa barabarani. Watoto wengine wawili waliungua mikono, wakapelekwa hospitali Bunda mjini, na baada ya wiki walirudi. Ngusa hakufika hata zahanati.

Kwenye msiba watu walilia mpaka sauti zikakauka. Matrida alilia, Mwalimu Thadeo alilia mbele za wanafunzi bila kujificha. Rhobi hakulia. Alikaa kwenye mkeka karibu na mama yake, macho makavu, anaangalia miguu ya watu inayopita. Wanawake wakanong'onezana, "Katoto kagumu haka." Hawakujua kwamba ndani ya kichwa chake kulikuwa na maneno mawili tu yanayozunguka kama mashine ya kusaga: turudie, mara moja tu, turudie, mara moja tu.

Halafu ukaanza uvumi. Nani aliuanzisha, hakuna ajuaye. Radi imepiga saa ya wimbo, kwa hiyo wimbo ndio ulioiita. Jumatatu watu waliusema kwa sauti ya chini, Jumatano ulikuwa umeshakuwa kitu cha kweli. Wazazi wakaitisha kikao shuleni, na mzee mmoja wa kamati akasimama akapiga meza. "Kuanzia leo hakuna kwaya, hakuna ngoma, hakuna kuimbaimba. Tumeshazika mmoja. Tunataka wangapi?"

Hakuna aliyembishia. Mwalimu Thadeo alikuwa ameinamisha kichwa, akasaini muhtasari wa kikao.

Basi shule ikanyamaza. Hata watoto wa darasa la awali, waliozoea kuhesabu kwa kuimba, wakawa wanahesabu moja mpaka kumi kwa sauti ndogo, kama wanaomba msamaha. Wingu likitokea, hata dogo la kuanulia nguo, wanafunzi wanarukia madirisha na kukimbilia nyumbani. Siku moja mtoto mmoja alivunjika mkono mlangoni kwa kukanyagana. Darasa la sita, lililokuwa na wanafunzi sitini na wawili, likabaki na thelathini na kitu.

Na Rhobi wakamwekea jina. Evance wa darasa la saba alimkuta bombani akamwambia mbele ya watu, "Mwita Radi, shikamoo! Tafadhali usikohoe, mvua inasikia."

Wengine wakacheka. Matrida akamrushia Evance kopo la maji. "Na wewe mdomo wako unaita inzi!" Lakini Rhobi alikuwa ameshaondoka, dumu limebaki pale chini ya bomba.

Siku zikapita, chakula kikawa hakimshuki. Mama akimpikia ugali na dagaa, anamega tonge, analizungusha mkononi, analirudisha. Usiku akisikia bati limelia kwa upepo, anaketi kitandani akiwa ameloa jasho. Kuongea ndiyo kabisa, akawa anajibu kwa kichwa tu. Mama akampeleka zahanati.

Nesi Eufrasia akampima malaria, akaangalia kipimo, akakiweka mezani. "Hana malaria."

"Basi mpatie hata panadol, dada," mama akasema. "Mtoto anakwisha huyu, unamuona."

Nesi akamwangalia Rhobi kwa muda. "Alikuwepo siku ile ya radi?"

"Alikuwepo. Alisimama hatua chache tu kutoka kwa marehemu."

"Amelia?"

Mama akafikiri. "Hapana. Hajawahi."

"Anapendaga nini huyu? Kabla ya haya mambo, akiwa na raha alikuwa anafanya nini?"

"Kuimba. Huyu hata akikamua mbuzi alikuwa anaimba. Lakini si unajua kikao kilikataza? Na nyumbani baba yake naye kasema tusijaribu Mungu."

Nesi Eufrasia akavua miwani. "Mama Rhobi, mtoto huyu ana mshtuko. Mwili wake bado uko pale chini ya ile bendera. Mmemnyang'anya dawa yake ninyi wenyewe, halafu mnakuja kunidai mimi panadol?"

Mama akatoka ameshika mkono wa Rhobi, na jioni akamweleza mumewe. Baba alikuwa ameshaamua kivyake. "Jumatatu anakwenda Musoma kwa shangazi yake Dorah, pale Nyakato. Atasoma huko. Akikaa mbali atasahau."

Rhobi alisikia yote akiwa jikoni. Hakukataa. Alijua jambo ambalo baba hakulijua, kwamba yale maneno mawili yangepanda naye gari mpaka Nyakato, na huko asingekuwa na hata Matrida.

Jumamosi, siku mbili kabla ya safari, watu walikwenda kumlimia Mama Ngusa. Shamba lake la pamba lilikuwa limemezwa na magugu tangu msiba. Kwa kawaida, kikundi cha kulimiana cha pale kijijini kinalima kwa ngoma. Mtu mmoja anaanzisha, wote wanaitikia, majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja, na shamba linakwisha mtu hajakumbuka kuchoka. Baba yake Ngusa, enzi za uhai wake, ndiye alikuwa mpigaji, na Ngusa alijifunzia hapo. Lakini siku hiyo kiongozi wa kikundi alisema, "Leo kimya. Tuheshimu msiba." Wakalima kimya.

Rhobi alikuwepo na mama yake, jembe dogo mkononi. Hajawahi kuona watu wanalima vibaya namna ile. Mmoja alikuwa mbele, mwingine nyuma. Bwana mmoja akakata mashina matatu ya pamba yenye maua, mwenzake akamfokea, wakarushiana maneno. Mwanamke mmoja akaacha jembe akakaa tu kwenye tuta. Jua lilikuwa bado la asubuhi, na watu walikuwa wamechoka kama wa jioni.

Mama Ngusa akaja na ndoo ya uji kichwani. Akaitua. Akasimama anawaangalia, kanga nyeusi begani.

"Jamani," akasema, "hapa mnalima au mnanizika mimi?"

Majembe yakasimama.

"Mama, tunaheshimu msiba wako," kiongozi akajibu kwa upole.

"Msiba nalala nao, naamka nao. Nyumbani kimya. Nikipita shuleni kimya. Sasa na shambani kwangu kimya? Nitasikia wapi sauti ya mtu nijue bado niko duniani?" Akazungusha macho, yakatua kwa Rhobi. "Si Rhobi yule? Njoo, mwanangu. Wewe ndiye unaanzishaga. Tuanzishie."

Watu wote wakageuka. Mama yake Rhobi akashika mdomo. Jembe likamponyoka Rhobi. Na lile lililokwama kooni kwa wiki nne likatoka lenyewe, bila kuombwa.

"Siwezi, mama. Mimi ndiye niliyemuua Ngusa."



"Mwalimu alisema mara mbili. Mimi nikasema turudie. Mvua ilikuwa imeanza, wenzangu wanaondoka, mimi nikasema turudie, mara moja tu. Ningenyamaza angekuwa amekwenda nyumbani. Angekuwa..." Hakumaliza.

Mama Ngusa akabaki ameganda. Uso wake ulibadilika, ukawa wa majivu. Halafu akageuka, akatembea. Akakata matuta, akaenda mpaka mwisho wa shamba, akasimama kule amewapa mgongo. Upepo ulikuwa unacheza na ile kanga. Mama yake Rhobi alianza kulia. Kiongozi wa kikundi akavua kofia, hajui aivae au aishike. Rhobi alitamani ardhi ya pamba ipasuke.

Mama Ngusa alikaa kule muda mrefu. Aliporudi, alirudi polepole, akichagua pa kukanyaga. Akasimama mbele ya Rhobi, akamshika kidevu, akainua uso wake.

"Lile wingu uliliona wewe peke yako?"

Rhobi akatikisa kichwa.

"Hata mimi nililiona. Siku ile nilikuwa nimeanika mihogo juu ya mwamba. Nikaona wingu linakuja, nikakimbia. Nikaanua mihogo yangu yote, sikuacha hata kipande. Halafu nikakaa ndani nikajisifu kwamba nimewahi." Sauti ikamkatika. "Nilianua mihogo, Rhobi. Sikwenda kuanua mtoto wangu. Na shule iko hapo, ningeita kwa mdomo angesikia."

Watu walikuwa wameinama. Mwanamke aliyekaa kwenye tuta akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilianua nguo." Mwanamume mmoja akasema, "Mimi nilikimbilia ndama."

"Umesikia?" Mama Ngusa akasema. "Wakubwa wote tuliliona wingu. Kila mtu akakimbilia chake. Sasa tukupe wewe wa miaka kumi na miwili ulibebe peke yako? Ng'wanone, yaani mwanangu mimi, hukuua mtu. Ulipenda wimbo utoke vizuri. Hata Ngusa alipenda utoke vizuri, ninavyomjua mimi angekuomba mrudie mara tatu."

Hapo ndipo Rhobi alipolia. Hakulia kidogo. Alilia kwa kelele, kifuani kwa Mama Ngusa, mpaka ile kanga nyeusi ikaloa. Mama Ngusa naye akalia, na hakuna aliyewanyamazisha.

Walipochoka, Mama Ngusa akaokota lile jembe dogo, akalipangusa udongo, akampa. "Sasa tuanzishie. Wa kulimia, ule unaoujua."

Sauti ya kwanza ilitoka imepasuka, kama mlango usiotiwa mafuta. Rhobi akasita. Akavuta pumzi.

"Magugu ee, nani kawaalika?"

Watu wakajibu, wengine sauti zinatetemeka: "Tokeni, mwenye shamba yupo!"

"Magugu ee, nani kawaalika?"

"Tokeni, mwenye shamba yupo!"

Majembe yakapanda pamoja, yakashuka pamoja. Hapakuwa na ngoma, ila bwana mmoja alikuwa anagonga ndoo tupu ya uji kwa kijiti. Walilima wakilia, wakalia wakilima, na ilipofika saa sita shamba lilikuwa limekwisha. Mchana Rhobi alikula ugali, akaomba wa pili. Mama yake alimwangalia akitafuna kama mtu anayeangalia mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Jioni baba alisikia habari zote. Akampigia simu Shangazi Dorah, akamwambia mgeni haji.

Jumatatu Mama Ngusa alikwenda shuleni na Nesi Eufrasia. Kamati ya wazazi iliitwa, na yule mzee aliyepiga meza alikuwepo. Wanafunzi wakakaa chini mbele yao. Mwalimu Thadeo alisimama kwanza.

"Nilikuwa ofisini," akasema. "Dirisha lilikuwa wazi, wingu nililiona. Nikasema acha nimalizie kwanza mahudhurio. Kosa ni langu kabla ya kuwa la mtoto yeyote. Na nyinyi mlimwekea Rhobi jina, nikasikia, nikanyamaza. Hilo nalo ni langu."

Evance alikuwa anachora mchangani kwa kidole. Hakuinua uso. Baadaye, saa ya mapumziko, alimfuata Rhobi akasema "Nisamehe" haraka haraka, akakimbia kama aliyeiba kitu.

Nesi Eufrasia aliwaeleza wanafunzi bila kupindisha. Radi haisikii nyimbo. Radi inatafuta kitu kirefu, kitu cha chuma, mti uliosimama peke yake. Ngoma zikilia au zisilie, ukiegemea mlingoti wa chuma wakati wa mvua uko hatarini. Ngurumo ya kwanza tu, kila mtu aingie darasani, mbali na madirisha, akae humo mpaka zipite dakika thelathini bila ngurumo.

"Hiyo ni ya kulinda miili yenu," akasema. "Sasa nisikilizeni kuhusu mioyo yenu. Mtu akipata mshtuko mkubwa, mwili unabaki umekaza. Unaogopa hata kivuli. Usingizi unakimbia, chakula kinakataa. Si uchawi, wala si ugumu wa moyo. Mkiimba pamoja mnavuta pumzi pamoja, mnaitoa pamoja, na mwili unaanza kuamini kwamba hatari imepita. Mwenye machozi, machozi yake yanapata njia. Aliye peke yake anasikia wenzake pembeni. Wimbo hauwezi kumrudisha Ngusa. Lakini unaweza kuwashika nyinyi mliobaki msianguke. Na mwenye jambo zito moyoni, asilifungie ndani. Amtafute mtu mzima anayemwamini amwambie, hata kama ni la kutisha. Hasa kama ni la kutisha."

Yule mzee wa kamati alijikuna shingo. "Sisi tulifikiri tunawalinda," akasema.

"Mlitaka kuwalinda, baba, najua," nesi akamjibu. "Lakini kunyamazisha watoto si kuwaponya."

Mashindano ya Musoma yalikuwa yameshapita, na shule haikupata kikombe chochote mwaka ule. Hakuna aliyekijali. Siku hiyohiyo kamati ikalifuta lile katazo, darasa la sita likaingia ndani kuimba, madawati yakasogezwa ukutani. Mama Ngusa alikaa mlangoni kwenye benchi la watoto wa awali, magoti yamefika kifuani.

"Mwanangu amelala," akawaambia. "Nyinyi msilale naye. Mkitaka kulia, lieni. Mkiweza kuimba, imbeni. Mkivichanganya vyote viwili, mimi sitawacheka."

Wakavichanganya. Sauti ya pili iliingia mapema tena, na safari hii hakuna aliyeomba warudie. Mama Ngusa alikaa pale pale mlangoni, anaitikia kwa midomo bila sauti, mpaka kengele ilipogongwa.